Nilivyochekesha Mbele ya Baba Mkwe

Sabato njema, ndugu zangu! Asifiwe Bwana anayefungua vinywa! Ninyi wa viti vya nyuma, itikieni kama watu waliokunywa chai. Amina!

Mimi ni Kemunto, nimeolewa hapa Magwagwa. Nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, angali mchanga, mdomo wangu ulifungwa. Nilichuma majani chai na wenzangu bila kutoa neno. Mliniletea uji, mkaniombea. Sitawadanganya, mimi mwenyewe sikuweza kuomba, na hata kulia nilishindwa.

Mume wangu akanipeleka Keroka, kwenye ukumbi ambapo vijana huchekesha watu Jumamosi, Sabato ikishatua. Kabla ya jua kuzama hawaanzi, maana wachekeshaji wenyewe wako kanisani! Kijana mmoja akaeleza jinsi Mkisii anavyonong'ona: ukimpa siri Magwagwa, watu wa kule mbali Marani wanakupa pole. Ndugu zangu, nilicheka! Nikacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na machozi ya kumlilia mtoto wangu yakatoka yote. Tulipofika nyumbani nikapiga magoti, nikaomba.

Tukawa tunarudi kila mara, na siku moja nikapanda jukwaani mwenyewe. Kumbe Mungu alikuwa ameniwekea maneno! Sijisifu, lakini ukumbi ule ulisimama kunipigia makofi. Mimi, niliyekuwa bubu!

Sasa, mila zetu mnazijua. Kuna chinsoni, ile heshima kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hamketi karibu, hamtaniani, hata kucheka kwa sauti mbele yake ni aibu. Mzee akasikia sokoni kwamba mke wa mwanawe anachekesha wanaume ukumbini. Akamtuma mume wangu aniambie niache, la sivyo nirudi kwa wazazi wangu. Niliogopa sana. Kufukuzwa ni kubaya, lakini zaidi niliogopa kile kimya kisinirudie.

Aliyeingilia kati ni Magokoro, nyanya ya mume wangu, mama mzazi wa baba mkwe. Nyanya na mke wa mjukuu hutaniana wapendavyo. Yeye huniita mke mwenza, eti nimemnyang'anya mume! Akamwamuru mwanawe ampeleke Keroka, wakajionee wote wawili. Mzee akatae neno la mama yake? Thubutu!

Nilipopanda jukwaani nikawaona, wote wawili, viti vya mbele kabisa. Maneno yote yakanipotea, watu wakaanza kutazamana. Baba mkwe akashusha kofia usoni. Ndipo bibi kizee yule akasema, ukumbi mzima ukisikia:

"Mke mwenzangu, ongea na mimi. Huyu hapa ni mtoto wangu tu."

Nikamgeukia yeye peke yake. Nikamshtakia jinsi mume wetu anavyokoroma, na jinsi anavyougua ghafla siku ya kupalilia. Chinsoni sikuivunja, nilikuwa nazungumza na nyanya. Mwanawe akisikia, hayo ni masikio yake! Nikatupa jicho kwa siri, nikaona ile kofia inatikisika. Mzee alikuwa anacheka!

Neno la kurudi kwetu halikutajwa tena. Na Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyewe, bila kuletwa na mtu. Hakuingia. Aliketi kwenye benchi nje ya mlango, mahali ambapo angenisikia bila ya sisi kuonana, akawa anamwambia kila aliyeingia, "Huyo anayeongea ni binti yangu."

Binti yangu, ndugu zangu! Hakusema mke wa mwanangu!

Wewe uliyeketi hapa na uchungu uliokufunga mdomo, mwamini Mungu. Njia yake ya kukufungua huijui, inaweza kupitia hata kwa wachekeshaji wa Keroka. Mimi namshukuru mpaka siku yangu ya mwisho.

Baba mkwe wangu yuko upande ule wa wanaume. Simtazami, kwa heshima. Lakini ninyi mtazameni, mmwambie asante kwa niaba yangu.