Jirani Ambaye Bi Avis Tranter Alimuua Mara Kumi na Moja

Hebu mwoneni anavyoingia. Si kwa mlango huu mkubwa, maana huu unalia na yeye hakupenda watu wageuke. Kwa ule wa pembeni. Koti la kijani, kikapu mkononi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi. Anakwenda benchi la nyuma kabisa, na kabla hajakaa vizuri ameshajua nani kanuniana na nani. Ndivyo alivyoingia katika kanisa hili tangu utotoni, mama yetu Bi Avis Tranter, na leo ndiyo mara ya kwanza tumempitisha mlango mkubwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938, hapa hapa Pennithorne, mtoto wa pekee wa Bwana Edwin Gathercole, mwokaji mikate, na mkewe Bi Olive. Alisoma shule ya msingi ya mji wetu, kisha sekondari ya wasichana kule Shrewsbury, akaiacha akiwa na miaka kumi na sita baba yake alipoumia mgongo. Kuandika vitabu vyake vya hadithi za mauaji hakufundishwa na mtu. Alisema alijifunzia nyuma ya kaunta ya posta, alikofanya kazi kuanzia 1955 hadi 1981, kwa sababu mtu anayesubiri stempu husema mengi kuliko anayeungama.

Tarehe 9 Juni 1962 alifunga ndoa humu na Bwana Desmond Tranter, fundi wa matrekta, aliyemtangulia mwaka 2011. Walijaliwa binti mmoja, Rosalind. Bwana Desmond alikuwa na mazoea yake: akirudi kazini, hata mikono hajakausha, anauliza, "Mke wangu, leo tumemuua nani?"

"Pickersgill."

"Tena? Maskini! Kakosa nini safari hii?"

"Kula kwanza."

Hapo ndipo marehemu alipotaka tusipapite haraka. Bwana Norman Pickersgill aliishi nyumba ya pili kutoka kwake, na alikuwa katibu wa maonyesho yetu ya mazao na vyakula ya kila Agosti. Mwaka 1979 aliitoa mashindanoni jamu ya plamu ya marehemu kwa sababu kifuniko cha chupa kilikuwa na nembo ya kiwanda. "Sheria ni sheria, Bi Tranter," alisema mbele ya hema zima. Kitabu cha kwanza cha marehemu kilipotoka, katibu wa maonyesho alikutwa kifudifudi katikati ya maboga. Jina lilikuwa jingine, lakini zile glavu za manjano alizovaa Bwana Pickersgill kila siku tulizijua sote. Mji ulicheka hadi ukajishika mbavu. Vikaja vitabu vingine kumi, na katika kila kimoja aliuawa yeye, mara karani wa benki, mara mpiga kinanda, glavu zile zile.

Wasomaji walipomuuliza siri ya hadithi zake za mauaji zisizotisha, marehemu alijibu kwamba maiti iwe ya mtu asiyependwa, na ipatikane kabla chai haijapoa. Msomaji akimpenda aliyekufa, kitabu kimeharibika.

Siku moja walikutana kwenye foleni ya mikate.

"Bi Tranter, mwaka huu nimekufaje?"

"Sumu, Bwana Pickersgill. Kwenye jamu."

"Kifuniko kilikuwa na nembo?"

Duka zima likaangua kicheko. Bwana Pickersgill alipokwisha kuchukua mkate wake, akageuka mlangoni. "Na safari hii, kuna aliyelia?"

"Ah, Bwana Pickersgill! Kitabu chenyewe kidogo hivyo, nafasi ya kulia niitoe wapi?"

Watu wakacheka tena. Marehemu aliisimulia habari hiyo kwenye karamu miaka na miaka, mpaka Februari 2003, Bwana Pickersgill alipofariki kweli, kwa ugonjwa wa moyo, peke yake jikoni kwake.

Kasisi wa wakati ule alimwendea. "Avis, mwandishi wetu ni wewe. Tuandikie wasifu wake."

Akakaa mezani. Alijua namna kumi na moja za kumuua yule mtu, na hakujua alizaliwa wapi. Akatoka kuuliza majirani. Bwana wa buchani akamwambia kwa wema kabisa, "Kwani si wewe unayemjua? Fungua ukurasa wa kumi, si ndipo anapolalaga?" Marehemu akacheka kwa mazoea. Kisha akarudi nyumbani akakaa kwenye ngazi, koti hajavua. Mazishini ilisomwa mistari minne, na mabenchi haya mnayokalia yalikuwa matupu.

Baada ya hapo hakuua mtu tena. Alijaribu kitabu ambamo aliyekufa analiliwa; wachapishaji wakakirudisha wakisema wasomaji wake hawakuzoea machozi. Alimtafuta dada wa Bwana Pickersgill, Bi Enid, akampata mji wa Whitby, akampigia simu kuomba radhi.

"Kila Krismasi alikuwa ananiletea kitabu chako," Bi Enid alisema. "Ananionyesha na kidole: nimo humu."

"Alifurahi?"

"Sijui, mwenzangu. Hakuwa na kingine cha kunionyesha."

Marehemu alitueleza maneno hayo mara moja tu, akiwa ametazama ukutani.

Mwaka 2016 alianza kuugua ugonjwa wa kutetemeka. Mikono ndiyo iliyotangulia, kisha miguu. Alipojua siku zimekaribia, alimwita Rosalind akamwambia habari ya jirani isomwe, isipambwe.

"Mama, watu watakuja kukusifu."

"Ndiyo maana. Watakuwa wengi."

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 3 Novemba 2019, Rosalind akiwa amemshika mkono, nao umetulia.

Ameacha binti yake Rosalind na mkwewe Graham, na wajukuu Tamsin na Joel. Katika benchi la familia, kama alivyoomba, yupo Bi Enid Pickersgill, aliyesafiri kutoka Whitby.

Mungu ampokee Avis na kumpa utulivu. Ampe na Norman Pickersgill, aliyezaliwa Whitby tarehe 2 Mei 1931, aliyepiga tarumbeta ujanani, aliyeogopa farasi, na aliyeishi miongoni mwetu miaka thelathini na moja. Hayo ndiyo yote ambayo marehemu aliweza kuyakusanya.

Aliomba tumalizie na lile swali alilolijibu kwa mzaha dukani. Si kwa ajili yake, alisisitiza. Kwa ajili ya yule wa nyumba ya pili. Ndugu zetu wa Pennithorne, kuna aliyelia?