Kishimo cha Shavu la Kushoto

Tangu milango ya nchi ifunguliwe mwaka huu wa 1970, baraza yetu watu wa Unguja hapa Darsait, Uarabuni, mbele ya duka la Marhoon, imezidi watu tu. Mazungumzo ni yale yale: kahawa, halwa na Unguja. Juzi baada ya alasiri Marhoon, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, alitandaza gazeti kutoka Kuwait. Ndani mlikuwa na picha ya yule mwigizaji wa Kimarekani tuliyembandika jina la Sura Saba. Miaka thelathini kaigiza kila kitu, na sasa kahamia kwenye televisheni, anaigiza bibi mwenye wajukuu. Harub Sinema, kadhi wetu wa mambo ya filamu, aliitazama picha mara moja akaisukuma. Mtu huyu akibishiwa hana adabu hata kidogo.

Harub: Siye huyu.

Redio: Siye vipi? Jina lake hili hapa!

Harub: Sura Saba ana kishimo shavu la kushoto. Huyu shavu kama sahani.

Mie: Nlimwona akiigiza mtawa, Harub. Hana kishimo.

Harub: Una macho wewe? Na akicheka huziba mdomo kwa kiganja.

Redio: Mie nlimwona jambazi, bastola mkono huu na huu. Angeziba mdomo kwa mguu?

Harub: Anaziba!

Redio: Basi wako watatu, mtu na dada zake. Mmoja wa utawa, mmoja wa bastola, mmoja wa kuzeeka. Mmarekani hashindwi.

Mie: Na yule anayekufa kila filamu?

Redio: Huyo wanamfufua. Wana dawa.

Mahfoudh, aliyeingia wiki iliyopita kutoka Unguja, alisogea karibu.

Mahfoudh: Ami Harub, wewe ulimwonea sinema gani?

Harub aliizungusha finjani yake ya kahawa.

Harub: Sikumwona.

Hata Redio akazimika.

Harub: Mke wangu Masouda ndiye aliyekwenda, onyesho la wanawake peke yao. Akirudi ananichezea filamu nzima chumbani. Akiwa mtawa, kajitanda kanga. Akiwa jambazi, kashika upawa, na akicheka kaziba mdomo. Nikasema, ya nini mie kwenda kumtazama mwengine? Wallahi nnamtamani, jamaa. Nnamtamani hata kunifokea kwake.

Mimi na Redio tulijua yaliyobaki. Siku za mapinduzi Masouda alikuwa shamba kwa mamake, na Harub akasukumizwa melini peke yake. Barua saba zimekwenda, jibu halijarudi hata moja. Mahfoudh hakuyajua hayo, akauliza kama mtu anavyouliza khabari za nyumbani.

Mahfoudh: Na yeye anajua kuwa uko hai?

Harub akamtazama Redio. Redio akanitazama mimi. Barua zote saba niliziandika kwa mkono wangu. Nikamwomba Redio karatasi ya barua ya nane.