Bi Wapi, Aliyefuata Maji ya Mtaro Hadi Yalikotoka

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mliosimama huko nje kwa kukosa viti, familia imempa mdogo wa kiume wa marehemu kazi ya kuwasomea maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu hakupenda habari iliyotiwa chumvi, yatasomwa kama yalivyokuwa, tarehe kwa tarehe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Wapi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu kati ya sita wa karani wa stesheni na mshona mashuka wa hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu, kabla hajajua kufunga vifungo vya gauni lake, alikuwa akimkera kila mpita njia kwa kutaka kujua garimoshi likishapita ile kona linakwenda wapi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971, kisha sekondari ya wasichana hadi 1975, ambako mwalimu wa jiografia alimpiga marufuku kuuliza zaidi ya maswali matatu katika kipindi kimoja, marufuku aliyoikwepa kwa kuwaandikia wenzake maswali kwenye vikaratasi ili wamuulizie wao.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa posta, akaanza kwa kugonga mihuri, na mwaka 1983 akapewa kitengo cha vifurushi vilivyopotea, chumba chembamba cha ghorofa ya chini chenye rafu za chuma na taa iliyokuwa ikikonyeza mchana kutwa, na humo ndimo alimojifunza kazi yake ya kweli, yaani kuanza na mtu wa mwisho aliyekiona kitu kwa macho yake, kurudi nyuma mkono kwa mkono, na kutoandika kamwe jina la mahali ambapo hujasimama kwa miguu yako. Alistaafu Machi 2012, akiwa amekiacha kitengo kile na vifurushi kumi na moja tu ambavyo havikupatikana, na hivyo kumi na moja vilimuuma hadi mwisho.

Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mpima ardhi aliyefika dirishani kwake kulalamikia kifurushi cha lenzi, kikapatikana baada ya siku tisa, lakini bwana yule akaendelea kuja kila wiki kulalamikia vifurushi ambavyo hakuna aliyewahi kuvituma, hadi ofisi nzima ikashtuka kwamba hapa pana jambo. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza nesi, wa pili dereva wa lori, wa tatu mwalimu, na wajukuu saba, na shemeji yetu alitangulia mwaka 2009.

Mwaka 2013 yule mwalimu, kitinda mimba wake, alimnunulia simu ili mama asikae mpweke, na mama mtu, badala ya kutuma salamu, akafungua ukurasa mtandaoni akauita “Inakwenda Wapi?”, kwa sababu alikuwa amechoka na mabango ya kuwahimiza watu watunze mazingira, akasema neno mazingira halimshtui mtu, bali mwambie maji unayomwaga yanatokea kwenye bomba la nani uone kama hatasimama. Jumatatu aliweka swali na picha, wiki nzima watu wakabishana na kubahatisha, Ijumaa akaleta jibu, likiwa na saa, mahali na picha ya viatu vyake pale aliposimama, na kwa njia hiyo tulijua betri za tochi zinakozikwa, tukajua maji ya saluni yanakotokea, na tukajua kwamba godoro moja bovu lililotupwa jalalani lilirudi mjini likiwa ndani ya kochi jipya la mama mzazi wa seremala aliyelitengeneza, jamani, mama yule alikuja juu ajabu.

Kesi iliyomtoa jasho ilianza Agosti 2017, wakati kina mama wa bustani ya miche walipomletea ndoo ya miche iliyoungua mizizi, wakamwambia wanamwagilia maji ya mtaro na kila wanachopanda kinakufa, naye akaomba kwa mtaalamu wa maji vile vikaratasi vinavyobadilika rangi kwenye tindikali, akaanzia bustanini akapanda na mtaro, mfuniko kwa mfuniko, kwa wiki tisa, huku watu wakifuatilia ukurasa wake kama wanafuatilia fainali, na wafuasi wakapanda kutoka elfu tisa hadi elfu ishirini na moja.

Alhamisi tarehe 19 Oktoba mtaro ulimfikisha kwenye mtaa wa mafundi wa betri za magari, wenye karakana nne, na katika mojawapo akakuta bomba chini ya meza ya kazi, ambamo tindikali ilikuwa imemwagwa kwa miaka kumi na moja. Fundi wa hapo alimlilia asimtaje, akisema atapoteza wateja na watoto watafukuzwa shule, naye akakubali, kwa sharti kwamba bomba lizibwe kwa saruji mbele ya macho yake, na kwamba fundi ajitaje mwenyewe akiwa tayari, na kesho yake akaandika kwamba maji yanatoka kwa fundi mmoja, bomba limezibwa, jina halitaji.

Miche ilishika baada ya miezi miwili, lakini watu hawakutaka habari nusu, wakasema Bi Wapi amepozwa kwa hongo, wafuasi wakakimbia wakabaki elfu sita, na lililomuumiza zaidi, wateja wakaukwepa mtaa mzima, hata fundi mmoja asiye na hatia, baba wa mapacha, akafungasha na kuhama Januari 2018. Marehemu aliandika wazi kwamba amekosea, kwamba amemsitiri mmoja na kuwapaka matope watatu, lakini alikuwa amejifunga mikono, maana kuwasafisha watatu ni kumtaja wa nne, na neno alikuwa ameshalitoa, na matope hayo wanayo hadi leo.

Aprili 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki, na wiki ya tatu tu alikwishawauliza manesi maji ya ile mashine yanakwenda wapi, akasukumwa kwenye kiti cha magurudumu na binti yake hadi kwenye matangi nyuma ya jiko la hospitali, akapiga picha ya viatu vyake. Jumapili tarehe 9 Juni 2024 asubuhi alimuuliza daktari wa zamu mtungi wa hewa ukiisha unapelekwa wapi, akajibiwa, akaridhika, na saa nne akafariki, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa kitengo cha figo, majirani mliopika na kulala nasi, wafanyakazi wenzake wa posta, kina mama wa bustani ya miche, na wote mliokuwa mkibahatisha majibu kila wiki.

Karatasi niliyopewa inaishia hapo, na haya yafuatayo hayajaandikwa na mtu, nayasema mimi mdogo wake, na mwalimu anayarusha kwenye ukurasa wa mama yake kwa simu iliyo pale kwenye kiti.

Fundi yule ni mimi. Wenzangu wawili mlioketi mstari wa pili, mlikuja kunipa pole kwamba tunasingiziwa sote, nikaipokea, nikanywa chai yenu, na baba wa mapacha popote alipo asikie kwamba alihama kwa kosa langu. Naona aibu, na sina cha kujitetea.

Dada, ulimuuliza kila mtu kila kitu, lakini hili, kwa miaka sita na miezi saba, hukuniuliza tena hata siku moja, ulikuja karakana, ukakaa, ukaningoja. Nimesema, dada. Nimechelewa. Sasa pumzika.