Mama Breki wa Kilima cha Izia

Baba Paroko, wazee wetu shikamooni, ndugu, majirani, na ninyi mliovaa fulana nyeupe zenye picha ya marehemu, familia imenipa mimi Benjamini, mdogo wake wa kumfuata, kazi ya kusoma maisha ya Coleta Yohanes Mboje, nayo imeniagiza niyasome kama yalivyokuwa, kwa sababu marehemu hakumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa alipokuwa hai, na hatuoni kwa nini apakwe yeye leo.

Coleta alizaliwa tarehe 2 Aprili 1981 hapa hapa Izia, mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Yohanes Mboje na mama Edith, katika majira ambayo kila mtu alikuwa shambani akipiga ntumba, yale matuta ya duara ambayo sisi Wafipa tunafukia majani ndani yake ili yaoze na kuirutubisha ardhi. Wageni mliotoka mbali tunaomba mlishike neno hilo, maana litarudi. Alibatizwa mwezi Mei mwaka huohuo, na wazee wanakumbuka kwamba alimpigia padre kelele tangu mwanzo wa ibada hadi mwisho, tabia ambayo hakuiacha alipokua, ila alihama kwa mapadre akahamia kwa wakandarasi.

Alisoma shule ya msingi hapa Izia kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, kisha sekondari mjini Sumbawanga kuanzia 1996 hadi 1999, na mwaka 2001 akaenda chuo cha ufundi Mbeya kusomea ujenzi wa barabara, akahitimu mwaka 2003. Walikuwepo waliocheka kwamba binti wa mzee Mboje ameenda mbali kusomea udongo wakati udongo umejaa uwanjani kwao, na kwa kuwa wengi wao wamefika leo na wamepewa viti vya mbele, tunawakaribisha.

Kuanzia mwaka 2004 hadi 2018 alifanya kazi na wakandarasi mbalimbali wa barabara, katika kitengo cha kushindilia, yaani kumwaga kifusi kwa tabaka, kukinyunyizia maji, kukipiga, kukipima na kurudia, kazi ambayo haina picha nzuri ya kupiga kwa simu. Aligombana na kila bosi aliyetaka kuruka tabaka moja ili awahi, na alihamishwa mara nyingi kuliko mwalimu mlevi, lakini vipande alivyosimamia yeye havijatitia hadi leo, na kila mmoja wenu aliyekuja hapa kwa barabara ya Tunduma amepita juu ya kazi yake bila kujua.

Tarehe 15 Julai 2006 alifunga ndoa takatifu na Modesti, fundi baiskeli wa Mazwi, ambaye alimfahamu kwa kumrudishia baiskeli ileile mara tatu akimwambia breki bado, na Modesti, badala ya kukasirika, ya nne akaipeleka mwenyewe nyumbani kwao. Walijaliwa watoto wawili, Luciana aliyezaliwa mwaka 2008 na Yohanes aliyezaliwa mwaka 2012.

Mwaka 2019 ndipo Bwana Adolfu, ambaye tunamwona pale amekaa karibu na shada lake la maua, alirudi kutoka safari za nje akiwa ameona watu wanaruka na baiskeli milimani, akaja kwa mzee Mboje kuomba kilima cha ukoo kilichopo nyuma ya Izia afungue uwanja wa baiskeli za milimani. Ukoo ulimwazima kilima hicho kwa sharti moja, kwamba Coleta ndiye ajenge na Coleta ndiye asimamie usalama, naye akakubali mbele ya wazee. Wakati huo Bwana Adolfu alikuwa ameshajijengea tuta la kwanza kwa kuangalia video, refu kama ukuta wa nyumba, na upande wa pili hakuweka kitu, ardhi tupu tambarare, akamwuliza Coleta ni nini kingine kinahitajika pale, naye akamjibu, "Padre."

Coleta alilibomoa, akaanza upya. Kwa wasiojua, ruko kubwa la baiskeli lina matuta mawili, la kurukia na la kutulia, yaani la kutua juu yake, na katikati kuna pengo, na hilo la pili ndilo linalookoa uti wa mgongo wa mtu, kwa sababu lina mteremko unaompokea mrukaji taratibu, likiwa fupi au laini au limekaa vibaya, hata bingwa anaondoka na vipande. Coleta alijenga ruko dogo, la kati na kubwa, yote kwa kifusi kilichoshindiliwa kama barabara, akaweka sheria kwamba hakuna kugusa la kati kabla hujalimaliza dogo mbele ya macho yake, na hakuna kugusa kubwa kabla hajakwambia yeye kwa mdomo wake. Kila asubuhi aliyakagua kwa miguu, na juu ya kilima alisimamisha mti wenye kipande cha kitenge, kikisimama kwa upepo uwanja unafungwa, na upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba mnaujua.

Vijana wa mjini walimpa jina la Mama Breki, wakidhani ni tusi. Walimjia na helmeti zinazoning'inia bila kufungwa kidevuni, zimevaliwa kwa ajili ya picha, wakamwambia, "Mama, mimi niko fiti, niachie tu, mshikaji wangu anarekodi," naye akawajibu kwamba huyo mshikaji atarekodi vizuri zaidi wakiwa wodini kwa sababu hapo hawatatikisika. Hata binti yake mwenyewe, Luciana, Coleta alimwacha kwenye ruko dogo mwaka mzima huku mtoto akilia mbele ya wenzake. Walimwita mwoga, mchawi wa biashara, mwanamke anayewaonea wivu wanaume, na katika miaka hiyo yote mitano ya maneno yao hakuna hata mmoja wao aliyeshushwa kilimani kwa machela.

Sasa tunafika kwenye ugonjwa, na hapa tunataka kunyoosha jambo, kwa kuwa wapo waliofika hapa wakiamini kwamba Coleta ameanguka na baiskeli. Coleta alikufa kwa figo. Zilianza kumsumbua mwishoni mwa mwaka 2023, na mwezi Aprili 2024 alipelekwa Mbeya akalazwa hadi mwanzoni mwa Juni, na ni katika wiki hizo ambapo Bwana Adolfu, akitaka ruko kubwa liwe kubwa zaidi kwa ajili ya sherehe yake, aliwakusanya majirani zetu na majembe, akawaambia walinenepeshe tuta la kutulia, akaondoka zake. Hakuwaambia tuta hilo ni la kupokea mtu anayetoka angani. Nao ni Wafipa, ukimwambia Mfipa ajenge tuta mwezi wa nne atajenga lile alilofundishwa na mama yake, basi wakapiga ntumba, kubwa, nzuri, ya kupendeza macho, wakafukia ndani yake nyasi za kilima kizima, wakalifunika kwa udongo na kulilainisha kwa mgongo wa jembe.

Coleta aliporudi alipandishwa kilimani kwa pikipiki, akiwa amevimba miguu, akachomeka nondo kwenye tuta lile, nondo ikazama yote kama kwenye ugali. Akawageukia majirani akauliza, "Mmepanda nini humu, maharage?" Kisha akampigia simu Bwana Adolfu, akamweleza mbele ya mumewe na mbele ya Luciana kwamba nyasi zile zitaoza, tuta litabaki na tumbo tupu, na gurudumu la kwanza litakalotua pale litazama na mtu ataendelea na safari bila baiskeli. Akaweka bendera nyekundu, akafunga njia kwa kamba, akarudi kitandani.

Tarehe 8 Agosti 2024, sikukuu ya wakulima, Bwana Adolfu aliikata kamba ileile mbele ya wageni na muziki, akiwa amevaa miwani ya jua na amebeba mkasi wenye utepe. Aliyeruka wa kwanza alikuwa Mwinjuma, kijana wa Mazwi, mrukaji hodari ambaye Coleta mwenyewe alikuwa amempitisha, na aliruka vizuri, hakukosea chochote, alitua pale alipopaswa kutua na tuta likammeza gurudumu. Alivunjika paja na mtulinga, na tunamshukuru Mungu kwamba leo yupo hapa kwa magongo yake mwenyewe. Siku mbili baadaye Bwana Adolfu alizungumza redioni, akasema kwa sauti ya majonzi kwamba ruko lile lilikuwa limekaguliwa na kuruhusiwa na mtaalamu wao, Coleta Mboje, ambaye kwa bahati mbaya ni mgonjwa.

Coleta aliyasikia maneno hayo akiwa amelala, redio ikiwa dirishani, na sisi tuliomuuguza tunasema wazi kwamba figo zilimuumiza mwili tu, hayo ndiyo yaliyomuumiza yeye. Tangu siku hiyo aliomba mambo mawili, kwamba ijulikane alilifunga ruko lile, na kwamba asitokee mtu mwingine wa kupaa juu yake. Alifariki tarehe 11 Machi 2025, mchana, akiwa amebakiza wiki tatu atimize miaka arobaini na minne, mkono wake ukiwa mkononi mwa Modesti. La kwanza tumelitimiza sasa hivi, mbele ya mwili wake na mbele yako, Bwana Adolfu, na hatutalirudia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Sumbawanga na wa Mbeya, waliotuambia ukweli kila hatua. Inawashukuru wakandarasi na mafundi aliofanya nao kazi, hata waliomfukuza. Inamshukuru sana mama Kulsumu, mama yake Mwinjuma, ambaye alikuja nyumbani mara ya kwanza kumgombeza Coleta, akaambiwa ukweli, na kutoka siku hiyo akawa analeta uji kila wiki hadi mwisho. Inawashukuru majirani, pamoja na wale mliopiga ntumba ile, kwa kuwa mlifanya vizuri kazi mliyoijua, na aliyewaficha kazi yenyewe siyo ninyi.

Zimebaki fulana. Tumeambiwa kwamba saa tisa alasiri, baada ya mazishi, Bwana Adolfu amewaalika vijana wote kilimani warukie lile ruko kubwa kwa ajili ya kumuenzi marehemu, katika masika haya, juu ya udongo ulionyeshewa, na mgongoni mwa fulana ameandika ALITUFUNDISHA KURUKA. Fulana zimekosea. Coleta hakumfundisha mtu yeyote kuruka, alisema kuruka hata panzi anajua, alichokifundisha ni kutua, na mtu aliyekaa naye miaka mitano bila kulijua hilo angenyamaza tu akaleta maua.

Hata hivyo msivunje safari, nendeni kilimani, ila baiskeli ziacheni nyumbani. Kilima ni cha ukoo, na ukoo umekichukua. Jana kutwa, majirani walewale walipanda na majembe yaleyale, safari hii wakijua wanachokifanya, wakalibomoa tuta la kurukia na la kutulia, na ndani ya lile la pili wakakuta nyasi zimeoza zikawa nyeusi na panya wamejenga humo kama mji. Pengo wamelifukia, wamelaza nyasi mpya, na pale lilipokuwa ruko kubwa sasa kuna ntumba za kawaida, safu kwa safu, hazimrushi mtu yeyote. Anayetaka kumuenzi Coleta aje na jembe, kazi haijaisha.

Na lile swali ulilowauliza majirani siku ile ya nondo, dada yetu, wamenituma nikujibu kwa niaba yao kabla hatujakushusha: ndiyo, tumepanda maharage.

Umetua, Coleta. Pumzika, hakuna anayeruka tena.