Pakiti Iliyokuwa Imefunguliwa

Msikilizaji mpendwa, umewahi kujitia mgonjwa ili ukwepe kazi? Usinijibu mimi. Jijibu mwenyewe, hapo ulipokaa na kikombe chako.

Leo tunamkumbuka Naw Bleh Paw, mpimaji wa malaria wa kijiji cha Htee Pwa Lo, kule juu barabara inakoishia. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Amefariki mwezi huu wa nane, wiki mbili kabla ya sherehe yetu ya kila mwaka ya kufungana nyuzi za baraka mikononi. Amefariki kwa malaria. Narudia, maana wengine mmefungua redio sasa hivi: mpimaji wa malaria amefariki kwa malaria.

Nyumba yake iko jirani na ya Saw Kler Htoo. Kati yao kuna banda la kuku na mti wa mpopoo, basi. Habari nyingi za leo nimezipata kwa huyu Kler Htoo, na amenipa ruhusa nizitangaze.

Kler Htoo anakumbuka Bleh Paw alivyorudi kutoka mafunzoni, miaka sita iliyopita, na sanduku la bati kichwani. Mtoto wa kwanza wa Bleh Paw alikuwa amekufa kwa homa, na hapakuwa na wa kumtoboa kidole apimwe. Tangu hapo hakumwachia mtu nafasi. Aliwafuata watu hadi kwenye mashamba ya mpunga mlimani, sanduku mgongoni, matope magotini. Ukiwa na homa, baridi ikakutetemesha, kichwa kikakugonga, viungo vikauma au ukatapika, unapimwa siku hiyo hiyo. Dawa unaimeza mbele yake, na kesho anarudi kuhesabu vidonge, kwa sababu watu wakipata nafuu huviacha. Wanaolala vibandani kulinda mpunga aliwashonea kwa mkono wake vyandarua vya kufunika machela wanazolalia.

Kler Htoo hakupimwa hata mara moja. Yeye alikuwa mtu wa utani.

"Dada," alimwambia siku moja kutoka kwenye ngazi yake, "mbu wakiisha wote utakula nini?"

"Nitakula kuku wako," Bleh Paw akajibu. "Kidole hukileti, basi lete kuku."

Ndivyo walivyoishi miaka sita.

Sasa, siku yenyewe. Mvua ilikuwa ya wiki nzima. Mto umefurika, mashua ya vifaa vya kupimia haijaja. Mkuu wa kijiji aliwaita wanaume wakakate mianzi ya paa la ukumbi wa sherehe, kule juu kunakoteleza. Kler Htoo aliutazama mlima, akatazama blanketi lake. Akasema ana homa.

"Homa?" mkuu akauliza. "Basi nenda kwa Bleh Paw. Hapa mwenye homa anapimwa."

Alikuwa ameshasema, hakuweza kurudi nyuma. Akapanda ngazi ya jirani yake huku akijikohoza, kama vile malaria ni kikohozi.

Bleh Paw alikuwa amekaa mkekani, shuka mabegani, asubuhi ile. Mbele yake palikuwa na daftari, pamba, na pakiti moja ya kipimo. Pakiti ilikuwa imeshapasuliwa. Kler Htoo aliiona. Aliiona vizuri kabisa.

"Kumbe ulikuwa unaningoja," akasema.

Bleh Paw aliitazama pakiti. Kisha akatabasamu. "Nimekungoja miaka sita. Kaa. Leta kidole."

Mkono wake ulikuwa unatetemeka.

"Taratibu, dada, utafika mfupani."

"Baridi ya mvua hii. Tulia."

Tone moja la damu, matone ya maji ya kipimo, wakangoja robo saa. Ukatokea mstari mmoja. Mstari mmoja maana yake malaria haijaonekana. "Huna," akamwambia. "Kapumzike, unywe maji. Kesho homa ikizidi, njoo." Kler Htoo akaenda kulala. Aliwasikia wenzake wakikata mianzi mlimani, akajifunika.

Kipimo kile kilikuwa cha mwisho sandukuni. Kimoja, hapakuwa na kingine.

Kesho yake Bleh Paw alitoka jasho, akaamka mwepesi, akatwanga mpunga. "Ilikuwa uchovu tu," alimwambia binti yake, Naw Eh Moo. Hapo ndipo malaria inapotudanganya, wanangu. Inakupa siku nzuri, unaona umepona, na yenyewe bado imo kwenye damu. Siku ya tatu baridi ikarudi, meno yakagongana.

Eh Moo alimsihi. "Mama, dawa si zimo sandukuni? Kunywa."

"Dawa ni ya aliyepimwa. Nikila mimi bila kupima, kesho nitamkatalia nani? Mashua itakuja."

Mashua haikuja. Siku ya nne macho yalikuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na alimwita Eh Moo kwa jina la yule mtoto aliyekufa. Wakambeba kwenye machela kuelekea zahanati, mwendo wa nusu siku. Kler Htoo alishika mti wa mbele. Bleh Paw alikata roho kabla hawajavuka kijito cha pili.

Nasema kwa uchungu: kipimo kikikosekana, mgonjwa asingoje mashua. Aende zahanati siku ile ile ya kwanza. Siku ile ile ya kwanza.

Kwenye mazishi, Eh Moo alisimama mbele ya watu. "Namshukuru mjomba Kler Htoo," akasema. "Mama alifurahi sana siku ile. Alisema, 'Hatimaye amekuja kwa miguu yake mwenyewe, hata sikumfukuzia.'" Watu wakageuka kumtazama, wengine wakampigapiga begani. Kler Htoo alitafuna tambuu yake, haikuwa na ladha.

Kisha Eh Moo akampa daftari la vipimo la mama yake alishike, kama heshima. Ukurasa wa mwisho jina lake lilikuwa la mwisho kabisa: Kler Htoo, hakuna malaria. Juu yake, kwa wino ule ule wa asubuhi ile, palikuwa na jina jingine. Bleh Paw. Homa, baridi, kichwa. Sehemu ya majibu ilikuwa tupu.

Kwa familia ya marehemu, kwako Eh Moo, poleni sana. Mama yako tutamkosa kila msimu wa mvua. Na sisi tuliobaki, tujiulize kila mmoja, kabla ya kulala chini ya vyandarua alivyotushonea: ni kitu cha nani tulichokichukua kwa mzaha?

Jana nilipanda Htee Pwa Lo na Kler Htoo, na kinasa sauti changu. Eh Moo alitukaribisha kwa supu ya machipukizi ya mianzi, akaanza tena kumshukuru mjomba wake. Kler Htoo aliweka bakuli chini bila kuionja supu. Sauti mtakayoisikia ni yake.

"Eh Moo, mwanangu, usinishukuru tena. Siku ile sikuwa na homa. Nilikuwa nakwepa mianzi. Pakiti niliikuta imefunguliwa, na mama yako amejifunika shuka. Niliona, na bado nikanyoosha kidole."