Mstari Mmoja wa Bi. Lorraine Vandehei

Msomaji, nakusihi kila neno lililo humu libaki kati yetu wawili, ingawa nakala mia na ishirini nimezichapisha mwenyewe na kila kiti ukumbini siku ya kuagana kitawekewa moja.

Bi. Lorraine Vandehei anastaafu Ijumaa, tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na sita katika maabara yetu hapa Madison. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Anaondoka akiwa mkaguzi mkuu wa kumbukumbu. Kila Ijumaa hutuletea vibonge vya jibini, vile vinavyolia kati ya meno, na ole wako uvile karibu na daftari.

Swali lake kwa kila dawa mpya lilikuwa moja: ini litaifanya nini? Ini huivunjavunja dawa, na kipande kimoja chaweza kuwa sumu kuliko dawa yenyewe. Ndiyo maana tunaijaribu kwanza kwenye seli za ini la panya, la mbwa na la binadamu, kisha tunalinganisha.

Mimi ni karani. Katika wiki yangu ya pili niliona jedwali la vipande hivyo lenye safu ya ajabu, kiasi cha kipande kimoja: panya sufuri, mbwa sufuri, binadamu kumi na moja. Nikaamua, kwa elimu yangu yote, kwamba fundi amekosea. Nikaipaka wino mweupe wa kufutia. Nikaupuliza ukauke. Nilijisifu hata kwa unadhifu.

Bi. Vandehei aliuona ule mng'ao akiwa bado mlangoni. Aliukwangua kwa ukucha, akasoma, akachukua simu. Kipande kile kilitengenezwa na ini la binadamu peke yake, kwa hiyo usalama wa dawa kwa panya na mbwa haukutuambia lolote. Watu ishirini na wanne waliojitolea walikuwa wameze kidonge cha kwanza Jumatatu. Jaribio likasimamishwa. Vipimo vya baadaye vilionyesha kipande hicho kinaua seli za ini, na dawa ikaachwa.

Mimi nilikuwa nimeshatia kikombe changu mkobani, nikingoja kufukuzwa.

"Kijana, hapa hatupaki rangi," aliniambia. "Ukikosea, chora mstari mmoja, kosa lisomeke. Tia herufi za kwanza za majina yako na tarehe. Halafu nenda ukale, umepauka kuliko hiyo karatasi."

Nikachora, nikatia herufi zangu. Mkurugenzi alipouliza ni nani aliyepaka wino, Bi. Vandehei alimjibu kwamba herufi ziko ukurasani, asome. Alisoma. Kikombe changu kiko mezani hadi leo.

Bi. Vandehei, asante. Upumzike vyema, na ini lako likae salama.

Mwenye kuona kosa humu anipate ghorofa ya pili, dawati la tatu kutoka friji ya sampuli, kabla ya saa sita. Tafadhali usifute kitu. Chora mstari mmoja, tia sahihi na tarehe. Herufi zangu ni A.P., Anders Pribyl.