Mwalimu wa Jumamosi: Maisha ya Mama Tabitha Waithira Nderitu, 1936–1990

Marehemu Mama Tabitha Waithira Nderitu alizaliwa tarehe 9 Juni 1936 huko Tetu, Nyeri, akiwa mtoto wa tatu wa Mama Njambi na Mzee Gathogo, ambao wote wametutangulia. Mama yake alikuwa mwimbaji, na watu wa Tetu husema kwamba Waithira alijua kuimba kabla ya kujua kutembea vizuri. Yeye mwenyewe alikataa habari hiyo. Alisema alichelewa kutembea tu.

Alisomea shule ya misheni karibu na nyumbani hadi darasa la sita. Miaka ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na wakoloni ilikatiza masomo yake, na hakupata nafasi ya kuyaendeleza. Lakini shule ile ilikuwa imempa vitu viwili alivyovitumia hadi mwisho: kushona kwa mkono na kusoma nyimbo kwa do-re-mi, jinsi kwaya zetu zinavyosoma hadi leo.

Mnamo tarehe 14 Disemba 1957 alifunga ndoa na Gerishon Nderitu. Walijaliwa watoto watatu: Nyakio, Macharia na Njambi. Mwaka wa 1964 walihamia Eldoret. Mzee Nderitu alifungua duka la vitambaa mjini, naye Mama akaweka cherehani yake mlangoni, mahali penye mwanga. Sare nyingi za shule zilizovaliwa mjini humu zilipita mikononi mwake. Walipanga nyumba mtaa wa West Indies hadi mwaka wa 1976, walipojenga hapa Kapsoya tulipokusanyika leo.

Katika kanisa letu aliimba sauti ya pili, akawa mwenyekiti wa akina mama kwa miaka kumi na miwili. Ni katika kazi hiyo ndipo yalipoanza mambo ya piano, ambayo hatuwezi kueleza maisha yake bila kuyataja.

Piano ya kanisa ililetwa na walowezi. Kwa miaka mingi ilipigwa na mama mmoja Mzungu, naye aliporudi kwao mwishoni mwa 1980 alifunga kifuniko, akamkabidhi mchungaji ufunguo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa. Akina mama waliweka maua juu yake. Baada ya miezi michache, hoteli moja ya mjini ikaulizia kuinunua, na wazee wa kanisa wakaona hilo ni jambo la busara, kwa kuwa paa lilikuwa linavuja. Mzee Zachariah Gathogo, ambaye hakuwa wa ukoo wa Mama ingawa waliitana kaka na dada, ndiye aliyelisukuma sana. Aliuliza kanisa linafuga piano ya nini kama hakuna anayeikamua.

Mama Waithira alisimama katika kikao hicho na kuomba wampe muda hadi Pasaka ya mwaka uliofuata. Alisema akikosa mtu wa kufundisha watoto wetu, yeye mwenyewe atasaidia kuibeba hadi hotelini. Wazee walicheka, wakakubali.

Kumtafuta mwalimu kulimchosha kuliko alivyotazamia. Alianzia kwa mwalimu wa muziki wa shule moja ya sekondari, akaambiwa na yule bwana kwamba yeye hufundisha historia ya muziki tu, na piano aliiona mara ya mwisho chuoni. Alikwenda kwa sista mmoja wa Kikatoliki aliyepiga vizuri sana, akamkuta akifunga masanduku kwa sababu amehamishwa. Kijana wa bendi ya hoteli alimwambia kwamba anaweza kumfundisha gitaa, kwani nyuzi ni nyuzi. Alirudi nyumbani kila mara akiwa na jibu la namna hiyo, na Mzee Nderitu alikuwa akimuuliza kama bado hajaridhika. Alimjibu kwamba bado hajamaliza mji.

Aliyemwonyesha njia ni muuguzi, Mama Hulda Adero, aliyekuja kushonewa gauni. Alimwambia kuna mzee wa upande wao wa Ziwa anayeishi West Indies, jina lake Lazarus Oketch, mjane, na nyumbani kwake mna piano.

"Anafundisha?" Mama akauliza.

"Alikuwa anafundisha," akasema Mama Hulda. "Siku hizi anajipigia tu peke yake. Ukienda, usianze na maneno ya watoto."

Mama akaenda, na akaanza na maneno ya watoto. Mwalimu Oketch alimsikiliza akiwa amesimama mlangoni, kisha akamweleza kwa heshima kwamba hafundishi watoto tena. Kwa miaka ishirini amekuwa akiwachukua wakiwa wadogo. Mtoto anahangaika na mkono wa kulia, anahangaika na wa kushoto, na siku mikono miwili inapoanza kuelewana, wazazi wanampeleka bodingi, shule ya bweni. Huko hakuna piano. Akirudi amekuwa kijana na anapenda mpira. Mwalimu alisema amechoka kupanda mahali asipovuna.

Mama alisimama pale akifikiri. Baadaye alisimulia kwamba hakuwa amepanga kusema alichosema.

"Basi nifundishe mimi. Mimi siendi bodingi."

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Kwa desturi yetu haikuwa vyema mke wa mtu aende peke yake nyumbani kwa mjane, hata kama ni kwa ajili ya kanisa. Kwa hiyo Mzee Nderitu alifunga duka mapema kila Jumatano na kumsindikiza, akaketi karibu na dirisha na gazeti lake. Wiki za kwanza alisoma gazeti. Baadaye alianza kusinzia. Siku moja Mwalimu alimsimamisha Mama katikati ya wimbo na kumwonyesha mumewe. "Msikilize Mzee," alisema. "Anakoroma kwa mdundo kukushinda wewe, Mama Nyakio." Mzee Nderitu hakuamka, na Mama alihesabu vizuri zaidi kuanzia siku hiyo.

Jumapili ya Matawi, tarehe 4 Aprili 1982, ndiyo siku aliyopewa na wazee ili wamsikie. Alichagua wimbo ambao kila mtu anaujua na akaufanyia mazoezi kwa miezi mitatu. Hapo ndipo lilipotokea kosa ambalo pengine ni mtu wa kwaya zetu tu angeweza kulifanya. Katika kwaya, do ni mahali popote mwongozaji anapoanzia. Yeye hutoa sauti, sisi tunamfuata, na hakuna mwimbaji anayejisumbua kuuliza. Kitabuni huwa pameandikwa juu ya wimbo do yake iko wapi, lakini maandishi hayo Mama alikuwa ameyaruka tangu utotoni kwa kuwa hayakuwa kazi yake. Kwenye piano alikuwa ameandika kwa chaki do, re, mi juu ya vibao vyeupe, akianza na do ile ya katikati aliyoonyeshwa siku ya kwanza, na akaamini kwamba hapo ndipo do inapokaa. Wimbo ule aliufanyia mazoezi kanisani peke yake, maana alitaka kumshangaza Mwalimu.

Basi akaanza. Wimbo ukatoka chini sana kuliko tulivyouzoea. Waimbaji wa sauti ya kwanza waliufuata mstari mmoja, wakafika mahali ambapo sauti zao hazikuweza kushuka zaidi, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Mama alisikia kwaya ikipotea nyuma yake na akajua amekosea, ila hakujua amekosea wapi. Mikono yake ilijua njia hiyo moja tu, kwa hiyo akaendelea. Katika ubeti wa pili ikaanza kusikika sauti kutoka viti vya mbele upande wa kulia, wanakokaa wazee. Ilianza kwa woga. Kufikia ubeti wa tatu wazee wote walikuwa wanaimba na kuimba kwao kulijaza kanisa. Waliumaliza wimbo wao na yeye, kwaya imesimama kimya.

Mama hakungoja baraka. Aliingia chumba cha mchungaji akalia, akamwambia mumewe atafute mkokoteni wa kupeleka piano hotelini. Mzee Zachariah Gathogo alibisha hodi na kuingia akiwa ameshika kofia. Mama alifuta macho, akamwambia aseme tu.

"Dada, mimi niko kanisa hili tangu sabini na moja," alisema Mzee Zachariah. "Yule mama Mzungu alikuwa anapiga huko juu, sisi wazee tunafungua mdomo tu, tusionekane hatuimbi. Leo nimeimba. Hiyo piano haiendi mahali."

Paa lilitengenezwa kwa harambee mwezi wa Agosti. Mwalimu Oketch alipopata habari za wimbo ule alicheka hadi akaketi, kisha akamfundisha Mama kuhamisha do. Alijifunza, na wimbo ukapanda kidogo hadi mahali ambapo kwaya na wazee waliweza kukutana.

Kuanzia Januari 1983 Mama alifundisha watoto kanisani kila Jumamosi saa nane mchana. Hakuwa mpigaji hodari na hakujifanya. Aliwaambia wazazi waziwazi kwamba anawapa watoto yale machache aliyo nayo, na kwamba mtoto akimpita, atamtafutia mwalimu mwingine. Tatizo ni kwamba mwalimu mwingine alikuwa mmoja tu, na kila mwaka, watoto walipoanza kumpita, Mama alikwenda West Indies kumwomba. Kila mwaka Mwalimu Oketch alikataa kwa sababu ileile. Hawakugombana. Alimkaribisha chai, wakazungumza mambo ya nyimbo, akamsindikiza hadi barabarani na kukataa tena. Watoto saba waliofika mbali walikwenda bodingi, kama alivyokuwa amesema. Hilo lilimuuma Mama.

Mwaka wa 1986 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari. Aliubeba kwa utulivu, akaacha chai ya sukari ambayo aliipenda mno. Kufikia 1988 ncha za vidole vyake zilikuwa zimekufa ganzi, na alisema hawezi kujua kama amegusa kibao mpaka akisikie. Aliacha kupiga siku za Jumapili, ila Jumamosi hakuziacha. Aliketi kando ya mtoto na kufundisha kwa kusikiliza. Ugonjwa ukaingia kwenye figo, na tarehe 12 Februari 1990 alilazwa hospitalini mjini.

Mwalimu Oketch alikwenda kumwona alasiri ya Alhamisi, tarehe mosi Machi. Mzee Nderitu alikuwepo. Walisalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Kisha Mama akasema watoto wamekosa mtu Jumamosi mbili mfululizo.

"Utapona, utawarudia," Mwalimu akamwambia.

"Hilo sikuuliza, Mwalimu."

"Mama Nyakio, msimamo wangu unaujua. Wewe nilikuchukua kwa sababu mtu mzima haendi bodingi."

"Na ni mimi naondoka," alisema Mama. "Chukua watoto, Mwalimu. Wao hurudi likizo."

Mwalimu alimgeukia Mzee Nderitu na kumuuliza kanisa hufunguliwa saa ngapi Jumamosi.

Alikwenda Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Mzee Nderitu alimpelekea Mama habari hospitalini: kwamba Mwalimu aliwarudisha wawili nje wakanawe mikono, kwamba alimwambia mtoto wa jirani yetu Khisa anapiga kama anayeua siafu, na kwamba alikaa hadi jioni. Mama aliuliza kama alikasirika. Aliambiwa kwamba hapana, alionekana amechangamka. Mama alicheka kidogo, akaomba ageuzwe alale kwa ubavu.

Alituacha asubuhi ya Jumanne, tarehe 13 Machi 1990, mumewe akiwa kando yake. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Ameacha mume, Mzee Gerishon Nderitu, watoto Nyakio, Macharia na Njambi, wajukuu wanne, dada yake, Warigia, wa Tetu, akina mama wa kanisa, na wanafunzi kumi na mmoja, ambao wameketi pale mbele pamoja na mwalimu wao.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani wa Kapsoya na wote waliofika. Mwalimu Oketch ameomba tutangaze kwamba kesho, Jumamosi, masomo yapo kama kawaida, saa nane, na wazazi wasiwazuie watoto kwa ajili ya msiba.

Mama Waithira, pumzika kwa amani.